Kununua mekapu bila kumuumiza mwingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mnunuzi aliyesimama mbele ya kabati la duka Kariakoo ya Dar es Salaam, Dubois Road ya Nairobi au Kikuubo ya Kampala, lipstiki mbili mkononi na bajeti ya moja. Tumeshikilia mambo yanayoweza kukaguliwa: yaliyoandikwa kwenye kasha, na yale ambayo kampuni inaweza kuulizwa ikajibu.

Je, kuna chapa isiyo na doa lolote?

Hapana. Lipstiki moja inaweza kubeba nta ya carnauba ya kaskazini-mashariki mwa Brazili, mafuta ya mbarika ya India, ulanga (madini yanayometameta) wa Madagaska na rangi ya Ulaya, kisha ikafungwa China. Kila hatua ina watu wake na madhara yake, na kampuni inaweza kuwa safi upande mmoja ikateleza upande mwingine. Chukua e.l.f. ya Marekani, inayosifika kwa kutofanya majaribio kwa wanyama. Mwaka 2019 ilikubali kuilipa serikali ya nchi yake dola 996,080, kwa sababu shehena 156 za kope za bandia ilizonunua kwa wauzaji wa China kati ya 2012 na 2017 zilikuwa na malighafi ya Korea Kaskazini, nchi iliyo chini ya vikwazo. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoligundua jambo hilo na kulitolea taarifa. Kwa hiyo usiulize tu kama chapa ni nzuri. Uliza ni nzuri katika jambo gani, na nani amelithibitisha.

Basi nitangulize lipi?

Sisi tunapanga hivi: kwanza sumu kwa mtumiaji na walio nyumbani mwake, pili watu wanaochimba na kuvuna malighafi, tatu wanyama, nne takataka. Wewe waweza kupanga tofauti. Chagua mambo mawili au matatu usiyoyalegezea kamwe, na hayo uyakague kila unaponunua. Anayejaribu kukagua kumi kwa pamoja huchoka mwezi wa kwanza akarudi kununua kwa kuangalia rangi ya kasha.

Mkorogo na krimu za kujichubua zinaingiaje hapa? Si hiari ya mtu na ngozi yake?

Ingekuwa hiari yake kama sumu ingebaki kwake. Zebaki haibaki. Hutoka kwenye ngozi kama mvuke, hushika kwenye taulo, mto na shuka, na mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka huipata bila kupaka chochote. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni humfikia pia. Maji ya kuogea huipeleka mtoni na ziwani, kisha inarudi kupitia samaki.

Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki yaliyoanza kutumika Agosti 2017, ulitaka vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya sehemu 1 kwa milioni viondolewe sokoni kufikia 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikifuta kiwango hicho: kipodozi chochote kilichotiwa zebaki hakikutakiwa kutengenezwa wala kuuzwa tena kufikia 2025. Bado vipo madukani.

Kwenye kasha tafuta maneno mercury, Hg, mercuric iodide, mercurous chloride, ammoniated mercury au calomel. Wauzaji wengi hawaandiki, kwa hiyo tazama dalili. Ya kwanza ni krimu ya rangi ya kijivu au maziwa mazito isiyo na orodha yoyote ya viambata. Ya pili huwashangaza wengi: maelezo yanayokuonya usiiguse kwa dhahabu, fedha, alumini au mpira. Onyo hilo lipo kwa sababu zebaki hula metali.

Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kuchubua, ni jambo jingine. Krimu yake hubadilika kuwa ya kahawia ikikaa wazi kwa kuwa hewa huichoma, na ikitumiwa muda mrefu huacha weusi wa kibluu-kijivu mashavuni ambao ni vigumu sana kuuondoa. Kiambata cha tatu ni clobetasol propionate, dawa ya ngozi ya kuandikiwa na daktari. Huikondesha ngozi mpaka mishipa ya damu ionekane, na mtu akiiacha ghafla uso huwaka na kuvimba, akadhani anahitaji kuongeza. Mkorogo wa kuchanganywa dukani mara nyingi una zaidi ya kimoja kati ya hivi, na hata aliyeukoroga hajui vipimo.

Kipimo chetu hapa ni kikali kwa makusudi: chapa yenye bidhaa hata moja ya kuchubua iliyopigwa marufuku haistahili pesa yako hata kwa poda yake iliyo salama. Faida yote inaingia mfuko mmoja.

Wanja je?

Wanja wa manga na aina nyingine za mawe yaliyosagwa kutoka Bara Hindi na Uarabuni huweza kuwa na madini ya risasi, wakati mwingine kwa wingi mno. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na huingia anapofikicha macho na kulamba vidole. Usimpake mtoto mchanga wanja wa mawe, hata kama ni desturi ya nyumba. Kwa mtu mzima chagua penseli yenye orodha kamili, ambayo weusi wake ni CI 77499 (CI ni namba ya rangi kwenye orodha ya viambata), yaani oksidi ya chuma, au CI 77266, yaani masizi yaliyosafishwa.

Bei ikiwa chini sana, nijue ni feki?

Mara nyingi ndiyo. Mekapu feki haina mtu wa kuwajibika: hakuna anuani, hakuna mkaguzi, hakuna wa kurudisha pesa. Ahadi zote za chapa halisi kuhusu wanyama, watoto na viambata hazihusiki na nakala yake. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye kasha na iliyo chini ya kichupa, kwani zinatakiwa kufanana. Soma tahajia. Nchini Kenya tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la nchi hiyo, na utume SM# pamoja na namba ya kibali kwenda 20023, kisha uone jina la bidhaa linalorudi. Kibali kinaweza kuwa cha kweli lakini cha sabuni ya unga! Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamia shirika la viwango, TBS, Julai 2019. Uganda, shirika la viwango ni UNBS.

Sungura aliyechorwa kwenye kasha anamaanisha nini?

Inategemea ni sungura yupi. Tangu 1944, jaribio la mtaalamu wa Marekani John Draize limekuwa likitumika kupima kama kitu kinawasha: unakidondosha kwenye jicho la sungura na kuhesabu wekundu, uvimbe na vidonda. Ndiyo maana mnyama huyo akawa nembo.

Sungura anayeruka wa Leaping Bunny ana masharti mazito kuliko wengine tunaowajua. Kampuni huweka tarehe maalumu ambayo baada yake hakuna kiambata kilichofanyiwa majaribio kwa wanyama kitakachonunuliwa, huwafuatilia wauzaji wa malighafi, hukubali kukaguliwa na mtu wa nje na hurudia ahadi kila mwaka. Orodha ya PETA, shirika la kutetea wanyama, hutegemea zaidi tamko lililotiwa saini na kampuni. Si uongo, ila uzito wake ni mdogo. Sungura wa tatu ni yule aliyechorwa na msanifu wa kasha tu, bila jina la shirika wala namba. Huyo ni pambo.

Maneno “cruelty-free” nayo hayana tafsiri ya kisheria Marekani, yeyote anaweza kuyachapa. Kuna sentensi tatu za kuzitilia shaka. “Hatujaribii bidhaa hii” huacha nje viambata vyake. “Sisi wenyewe hatujaribii” huacha nje maabara ya kukodiwa. “Isipokuwa sheria inapotaka” maana yake ni kwamba pale sheria inapotaka, hufanyika.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku majaribio ya bidhaa kamili mwaka 2004, ya viambata 2009, na kuanzia tarehe 11 Machi 2013 ukazuia hata kuuza vipodozi vilivyojaribiwa hivyo kwingineko. India ilifuata 2014. Leo kuna ngozi ya binadamu inayooteshwa maabara kwa ajili ya vipimo hivi, kwa hiyo hoja kwamba hakuna njia nyingine imepitwa na wakati.

Chapa ikiuzwa China, ina maana inajaribiwa kwa wanyama?

Zamani karibu kila kipodozi kilichoingizwa kule kilijaribiwa. Tangu tarehe 1 Mei 2021 vipodozi vya kawaida vinavyoingizwa, kama lipstiki na poda, vinaweza kusamehewa ikiwa kampuni ina cheti cha utengenezaji bora kutoka mamlaka ya nchi yake na tathmini ya usalama. Msamaha hauhusu vipodozi vya watoto, viambata vipya vilivyo chini ya uangalizi, wala kundi maalumu: rangi za nywele, vya kuzuia jua, vya kung'arisha ngozi na vya kuzuia nywele kukatika. Kwa hiyo uliza chapa inauza nini huko. Faundesheni tupu ni habari moja. Faundesheni yenye kinga ya jua ni nyingine.

Kama haikujaribiwa kwa wanyama, basi haina kitu cha mnyama ndani?

Hayo ni mambo mawili, na yanachanganywa kila siku. Rangi nyekundu ya lipstiki inaweza kutoka kwa wadudu waliokaushwa na kusagwa, wanaofugwa hasa Peru. Kwenye kasha huandikwa carmine au CI 75470. Mng'ao wa lulu wa CI 75170 hutoka kwenye magamba ya samaki. Cera alba ni nta ya nyuki, lanolin ni mafuta ya sufu ya kondoo. Squalene inaweza kuwa ya ini la papa. Squalane, yenye herufi a, siku hizi hutoka mara nyingi kwenye zeituni au miwa, lakini herufi hiyo peke yake si uthibitisho.

Tabu ipo kwenye glycerin na stearic acid. Zinaweza kuwa za mimea au za shahamu ya ng'ombe au nguruwe, na kasha halisemi. Anayetaka halali lazima aulize chanzo kwa maandishi au anunue chenye cheti cha chombo kinachojulikana. Kuhusu rangi ya wadudu wanazuoni hutofautiana, muulize unayemfuata. Wengi huhofia pia cetyl alcohol na cetearyl alcohol kwa sababu ya jina. Hizo ni nta laini, hazilevyi. Pombe yenyewe huandikwa alcohol denat.

Ulanga ni nini, na kwa nini unatajwa sana?

Ni madini ya matabaka membamba yanayometameta, yale yale yaliyochimbwa milima ya Uluguru enzi za mkoloni. Ukisagwa ndio unaoipa haileita na rangi ya kope mng'ao wake. Kwenye kasha huandikwa mica au CI 77019.

Sehemu kubwa hutoka majimbo ya Jharkhand na Bihar nchini India. Migodi mingi ya huko ilifungwa baada ya sheria ya misitu ya 1980, ila ulanga haukuacha kutoka: familia huokota mabaki kwenye mashimo yaliyoachwa, watoto wakiwemo, kwa kuwa mwili mdogo hupita penye tundu dogo. Mashimo hayana nguzo, huporomoka. Mwaka 2016 shirika la habari la Reuters liliripoti vifo vya watoto saba ndani ya miezi miwili, vingi vikifichwa ili biashara isisimame. Kusini mwa Madagaska, nchi iliyo jirani yetu ng'ambo ya bahari, utafiti wa 2019 wa mashirika ya Terre des Hommes na SOMO ulikadiria watoto takriban 11,000 katika kazi hiyo. Vumbi lake huingia mapafuni.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ulanga wa maabara, unaoandikwa synthetic fluorphlogopite. Huo hauna shimo wala mtoto. Ya pili ni chapa inayonunua wa asili na kufuatilia chanzo. Kampuni kadhaa zilianzisha Responsible Mica Initiative huko Paris mwaka 2017 kwa ajili hiyo. Uanachama ni hatua ya kwanza tu, haumaanishi kila gramu imefuatiliwa. Kuna hoja nzito upande wa pili pia: wanunuzi wakihama wote, familia za Androy, kusini mwa Madagaska, na za Jharkhand hubaki bila hata hicho kidogo. Hatuna jibu rahisi. Tunaiheshimu zaidi chapa inayotaja jimbo, mgodi na bei inayolipa kuliko inayosema “hatutumii tena” na kuishia hapo.

Usidhani kutokuwepo kwa mng'ao ni kutokuwepo kwa ulanga. Poda na faundesheni zisizometa huwa nao pia, maana huzifanya ziteleze.

Mawese nayo?

Ukitafuta neno palm huenda usilione, kwa sababu mawese na mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) hugeuzwa kuwa glyceryl stearate, cetearyl alcohol, ethylhexyl palmitate na mengineyo. Kosa si la mti. Mchikichi hutoa mafuta mengi kwa ekari kuliko mazao mengine. Kosa ni msitu uliokatwa na ardhi iliyochukuliwa. Chapa ikitaja RSPO, jukwaa la vyeti vya mawese lililoanzishwa 2004, uliza daraja. “Segregated” ina maana mafuta yenye cheti hayakuchanganywa na mengine. “Mass balance” yamechanganywa, ila kiasi kinalingana kwenye vitabu. “Credits” ni kulipia cheti huku ukitumia mafuta yoyote. Hayo matatu hayako sawa hata kidogo.

Kope za kubandika na brashi?

Kope za minki ni manyoya ya mnyama. Madai kwamba manyoya “yamechanwa tu” hayaondoi ukweli kwamba minki hufugwa kwenye vizimba kwa ajili ya ngozi yake. Brashi za “natural hair” huwa za mbuzi, farasi au kindi. Kama kasha halisemi, ng'oa unywele mmoja, ushike kwa kibanio juu ya sinia la bati na uuwashe. Wa plastiki huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua na kuwa jivu linalosagika vidoleni.

Chapa ndogo ninayoiamini imenunuliwa na kampuni kubwa. Niiache?

Angalia kwanza mwenye mali, wengi hawajui. Nice & Lovely ya Kenya ilinunuliwa na L'Oréal mwaka 2013. The Body Shop, iliyoanzishwa na Anita Roddick huko Brighton mwaka 1976, ilikwenda L'Oréal 2006, Natura 2017, kampuni ya uwekezaji Aurelius mwishoni mwa 2023, kisha kundi la wawekezaji la Auréa 2024. Wengine husema pesa yako inamfikia mkubwa usiyemkubali. Wengine husema mauzo mazuri ya chapa safi humfundisha mkubwa. Hoja zote mbili zina uzito. Tunachoshauri ni kukagua upya: cheti kilichotolewa kwa mwenye zamani hakipaswi kuaminiwa mpaka utazame kama bado kipo kwenye orodha ya mwaka huu.

Rangi yangu haipo dukani. Hilo ni suala la maadili?

Ndiyo, kabisa. Chapa inayomweka mwanamke mweusi kwenye bango la Nairobi kisha ikaleta rangi sita, tano za weupe, inachukua sura yetu na kutuacha. Fenty Beauty ilipotoka Septemba 2017 na faundesheni 40, kisingizio kwamba haiwezekani kibiashara kilikwisha.

Kuna na ufundi pia. Titanium dioxide, CI 77891, ni nyeupe. Ikizidi kwenye rangi ya giza, uso huwa wa majivu. Mtengenezaji mvivu huongeza weusi tu, CI 77499, na rangi inakufa. Anayejali hupima nyekundu ya CI 77491 na njano ya CI 77492, na kwa ngozi nyeusi sana huongeza buluu ya CI 77007. Paka mstari tayani, toka nje kwenye mwanga wa jua, subiri dakika 15. Ikigeuka kijivu au chungwa, irudishe.

“Natural”, “clean”, “organic” yana maana?

Mawili ya kwanza, hapana. Risasi ni ya asili pia. La tatu lina maana likiwa na alama ya COSMOS ORGANIC: angalau asilimia 20 ya bidhaa nzima iwe ya kilimo hai, au 10 kwa ya kuoshwa.

Glita na makasha?

Glita ya kawaida ni plastiki, polyethylene terephthalate, na huishia baharini. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia plastiki ndogo zinazoongezwa kwenye bidhaa tarehe 17 Oktoba 2023, ila mekapu imepewa hadi 2035. Usingoje. Kwa makasha, kisahani cha poda kinachojazwa upya hushinda kasha la karatasi lenye kioo na sumaku ndani, ambalo hakuna mwokotaji wa taka atakayelinunua.

Niiandikie nini kampuni?

Maswali mafupi, yanayojibika:

1. Je, kuna kiambata chochote kilichofanyiwa majaribio kwa wanyama kwa niaba yenu baada ya tarehe fulani? Tarehe ipi?
2. Ulanga wa bidhaa hii, taja jina lake, unatoka nchi na jimbo gani?
3. Glycerin na stearic acid zenu ni za mimea au za wanyama?
4. Mawese yenu yana daraja gani la RSPO?

Subiri wiki mbili. Jibu lenye tarehe na jina la mahali ni jibu. “Tunazingatia viwango vya juu zaidi” si jibu, na wakikurudishia hilo mara mbili, hesabu kuwa hawajui au hawataki kusema.

Na vitu nilivyonavyo tayari, nitupe?

Vilivyo salama, tumia viishe. Ulanga uliokwishachimbwa haurudi ardhini kwa kutupwa. Heshimu alama ya kikopo kilichofunguliwa: 6M ni miezi sita tangu kufungua. Maskara haipiti miezi 3 hadi 6, poda hukaa hadi 24. Krimu unayoshuku ina zebaki usiimwage kwenye sinki wala chooni, usiichome, usimpe dada wa kazi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iweke mbali na watoto, na uipeleke ofisi ya TBS, KEBS au UNBS iliyo karibu pamoja na jina la duka ulikoinunua, ili makopo yaliyosalia kwenye rafu hiyo yafikiwe pia.